Wimbo Usio na Jina Kwenye Flashi ya Basi

Mwezi Machi mwaka jana nilikuwa nikirudi Kigoma mjini kutoka Kasulu, nilikokwenda kumzika mke wa mjomba wangu, na basi lilikuwa limejaa kiasi kwamba mtoto wa abiria mwenzangu alilala juu ya mkoba wangu wenye madaftari ya wanafunzi. Dereva alikuwa akipiga nyimbo za injili kutoka kwenye flashi, moja baada ya nyingine, zile ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezisikiliza tena, mpaka tulipokaribia Mwandiga ikaingia sauti ya mwanamke ambayo sikuwahi kuisikia. Aliimba bila haraka, kwa gitaa moja na ngoma ndogo, beti mbili kwa Kiswahili na ubeti wa tatu kwa Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, na ulipofika ubeti huo wa tatu wazee wawili waliokaa kiti cha mbele waliacha kubishana juu ya bei ya maharage.

Nilimwuliza konda ni nani anayeimba. Akainama, akakitazama kioo kidogo cha redio, akanijibu: "Namba saba." Nikamwambia kwamba nauliza jina la mwimbaji. Akatazama tena, kwa uvumilivu ambao sikuustahili, akasema kwamba hapo pameandikwa namba saba tu, mama, na kwamba flashi ile aliijaza kwa kijana mmoja mwenye kibanda karibu na soko, katika eneo la Mwanga, Kigoma mjini.

Kibanda hicho nilikijua, na hapa sina budi kuungama. Mimi ni mwalimu wa somo la utunzaji wa hesabu katika shule ya sekondari, nimezoea kuwakaripia vijana wanaoandika fedha iliyotoka bila kuonyesha ilikokwenda, lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikipeleka flashi yangu mwenyewe kwenye kibanda hicho hicho na kulipa shilingi 2,000 ili nijaziwe nyimbo 200 za dini. Kwa hesabu ya haraka ni shilingi 10 kwa wimbo, na hata hizo shilingi 10 hazikwenda kwa aliyeutunga wala aliyeuimba, bali kwa umeme, kwa pango la kibanda na kwa chakula cha mchana cha yule kijana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na inamlinda pia mwimbaji katika kile alichokiimba. Sheria hiyo niliwahi kuitaja darasani kama mfano wa mali isiyoshikika, huku flashi ikiwa ndani ya mkoba wangu.

Nilizaliwa Tabora, baba yangu akiwa mfanyakazi wa reli, na muziki wa kwaya uliingia nyumbani kwetu kwa kaseti. Watu wa umri wangu watakumbuka kwamba Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu ilisikika mbali kuliko viongozi wengi wa mkoa wetu, ingawa Ulyankulu yenyewe ilikuwa ni makazi ya porini yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji nchini Burundi. Jina la kwaya lilikuwa ni jina la mahali, hivyo aliyeisikia alijua wapi pa kuitafuta. Kaseti nyingi tulizokuwa nazo zilikuwa za kurudufu, sitaki kuidanganya nafsi yangu, lakini hata aliyerudufu alikuwa akitoa fotokopi ya kava, na juu ya kava lile lililofifia palikuwa na jina la kwaya, jina la usharika, jina la mwalimu wa kwaya na sanduku la posta. Mwizi wa wakati ule aliiba fedha ya mwimbaji na kumwachia jina. Flashi imekwenda mbali zaidi, kwa sababu wimbo unaotoka simu hii kwenda simu ile na kutoka hapo kwenda kwenye kompyuta ya kibanda hufika kwa msikilizaji ukiwa umevuliwa kila kitu isipokuwa sauti.

Kijana wa kibanda alinikumbusha kwa heshima kwamba yeye naye alipewa. Faili ile ilitoka kwa mwenye mashine ya boti wa Kibirizi, aliyeipata kwa abiria wa kuelekea vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na abiria huyo hakuna aliyemjua. Niliiweka kwenye simu yangu, nikaanza kuwasikilizisha watu. Waliosema wanaijua walikuwa wengi, na kila mmoja alitaja mtu tofauti, kuna aliyeapa kwamba ni Mkongo wa Uvira na kuna aliyesema mwimbaji amekwisha kufa. Aliyenisaidia hatimaye ni mwalimu wa kwaya wa kanisani kwetu, mzee asiyependa sana waimbaji binafsi, ambaye alisikiliza nusu ya ubeti wa kwanza, akainua kidole na kusema kwamba mwanamke hamjui ila gitaa analijua, kwa sababu katika mji huu ni mtu mmoja tu anayevuta uzi wa chini namna hiyo, naye ni fundi seremala wa Gungu. Kwa hiyo nilimpata mwimbaji kupitia kwa mpiga gitaa, na mpiga gitaa kupitia kidole chake gumba.

Sitaandika jina lake hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliniomba nisimtangaze kabla hajamaliza usajili wake kama msanii. Ni mama wa makamo, mjane, anayekaanga maandazi alfajiri na kushona mchana. Nilipofika kwake nilijitambulisha na kumwambia kwamba nimekuja kulipa. Alidhani nimekuja kuchukua nguo.

Habari ya albamu yake alinisimulia siku hiyo hiyo, huku akichambua mchele kwenye ungo, na naieleza kwa kirefu kwa sababu nadhani waimbaji wengi wa mikoa yetu wataitambua kama yao. Alirekodi nyimbo sita kwa shilingi 100,000 kila mmoja, katika studio ambayo kuta zake zimezibwa kwa trei za mayai ili kupunguza mwangwi. Akatoa nakala 200 za CD kwa shilingi 1,500 kila moja. Kisha akashauriwa kufanya uzinduzi, kwa kuwa mwimbaji asiyefanya uzinduzi huonekana kama hana albamu. Akakodi spika na turubai, akapika pilau, akamlipa mshereheshaji, jumla shilingi 450,000, nyingi zikiwa mkopo wa kikoba. Mgeni rasmi, ambaye simtaji, aliwasili saa mbili baada ya muda, akazungumza kwa muda mrefu juu ya vipaji vya vijana ilhali mwimbaji ana miaka 46, halafu akanyanyua nakala ya kwanza na kutangaza kwamba ananunua kwa shilingi laki tano. Watu walishangilia, vigelegele vikapigwa, na baada yake wakainuka wengine kuahidi laki mbili, laki moja, elfu hamsini, kila mmoja akitajwa jina na kanisa lake na kupigiwa makofi.

Katibu aliandika ahadi zote kwenye daftari. Nimeliona. Jumla ni shilingi 1,870,000. Fedha taslimu zilizopatikana siku ile zilikuwa shilingi 310,000, na katika miezi mitatu iliyofuata, baada ya kupiga simu mpaka akaona haya, zikaongezeka shilingi 240,000. Gharama zote kwa pamoja ni shilingi 1,350,000, mapato halisi ni shilingi 550,000, na pengo la shilingi 800,000 alilizibia kwa maandazi kwa miezi kumi na minne. Laki tano ya mgeni rasmi haijafika hadi leo. Ningekuwa na mamlaka ningepiga marufuku ahadi katika uzinduzi wa albamu, au walau ningeagiza kwamba makofi yapigwe fedha ikishahesabiwa.

Katika daftari lile lile nikaona mstari mwingine ulionisumbua zaidi kuliko ahadi hewa. Siku ile ile ya uzinduzi, kutoka katika zile shilingi 310,000, akiwa anadaiwa na kikoba, studio na mwenye turubai, alikuwa ametoa shilingi 100,000 na kuzikabidhi kwa kikundi cha wajane cha mtaani kwake, kwa sababu alikuwa ameahidi mbele ya kanisa kwamba sehemu ya mauzo itakwenda huko. Yeye peke yake, kati ya wote walioahidi siku ile, ndiye aliyetimiza papo hapo.

Kikundi chenyewe nilikwenda kukitazama wiki iliyofuata. Ni wajane tisa wanaotengeneza sabuni za miche katika ua wa mmoja wao, kwa mafuta ya mawese na ya mise, yaani yale yanayokamuliwa kutoka kwenye kokwa ya mchikichi baada ya mawese kutolewa kwenye nyama ya tunda. Mawese peke yake hutoa mche mgumu usio na povu la kutosha, na mise ndiyo inayoleta povu, kwa hiyo uwiano wa mafuta hayo mawili ni siri ya kila kikundi na sikuiuliza. Niliruhusiwa kuangalia walipokuwa wakiyeyusha magadi makali ambayo wao huyaita kostiki. Mama anayesimamia kazi hiyo hufunga kitambaa puani na huwafukuza watoto wote uani, kisha humimina kostiki ndani ya maji polepole, kamwe si maji ndani ya kostiki, kwa kuwa ukikosea utaratibu huo mchanganyiko hulipuka na kurukia macho. Huachwa upoe, ndipo huunganishwa na mafuta, hukorogwa kwa mti kwa upande mmoja mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa, na kumiminwa kwenye boksi la mbao lililotandikwa nailoni. Siku ya pili hukatwa kwa waya, na miche hupangwa darini kwa muda wa wiki nne ili ikauke na ukali wake uishe. Kinachopatikana, baada ya kila mmoja kuchukua posho yake ndogo, hununulia sare na madaftari watoto 23 wasio na wazazi au wenye mzazi mmoja asiyejiweza.

Mtu anaweza kushangaa kwamba mahitaji hayo bado yapo, maana ada ya shule za serikali kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016. Ni kweli iliondolewa, nami ninayefundisha nimeona madarasa yalivyofurika. Lakini sare haikuondolewa, wala viatu, wala daftari la kurasa 200, wala chakula cha mchana pale wazazi walipokubaliana kuchangia. Mtoto harudishwi tena kwa kukosa ada, ila hujirudisha mwenyewe kwa aibu ya kaptura iliyopasuka. Wawili kati ya watoto hao ni wasichana waliozaa wakiwa shuleni, ambao waliweza kurudi baada ya serikali kubadili msimamo mwezi Novemba 2021, na kikundi kimeamua, bila kuombwa na mtu, kuwalea vichanga vyao uani pale asubuhi hadi mchana.

Nikawapenda wote, mwimbaji na wajane. Na hapo ndipo nilipoanza kugombana nao.

Nilichokiona, kwa jicho la kazi yangu, ni kwamba fedha za aina tatu zilikuwa zikiingia katika kopo moja la maziwa ya unga. Kulikuwa na mauzo ya sabuni, kulikuwa na michango ya watu wenye huruma, na kulikuwa na fedha ya nyimbo, kwani mwimbaji wetu alikuwa ameendelea kuwapelekea wajane karibu kila shilingi aliyoipata kwa CD zilizobaki na kwa mialiko ya kuimba. Watu walimsifu sana kwa jambo hilo. Mchungaji mmoja alimtaja mimbarini kama mfano wa moyo wa utoaji. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyimbo nne mpya alizozitunga zimebaki kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga, bila kurekodiwa, kwa muda wa miaka miwili.

Nilimwambia, "Dada, fedha ya wimbo iende kwanza kwenye wimbo." Akanijibu kwa sauti ile ile ya wimbo, "Mwalimu, kazi ya Mungu haina bei." Nikamkumbusha kwamba katika Luka sura ya 10 mtenda kazi ana ujira wake, na kwamba aliyeyasema hayo hakuwa mtu wa kupenda fedha. Akacheka, akasema walimu wa hesabu wakianza kuhubiri ujue njaa iko karibu. Hatukukubaliana siku hiyo, wala mara ya pili. Lililomgeuza, nadhani, ni pale nilipoacha Maandiko na kumwonyesha kwa kalamu kwamba kama angalirekodi zile nyimbo nne kwa laki nne, akaziuza kwa utaratibu, kikundi kingepata zaidi katika mwaka wa pili kuliko kilivyopata katika miaka yote miwili ya kukombwa kopo. Ukichinja kuku ili watoto wale leo, hakuna mayai kesho kutwa, na hilo halihitaji shahada.

Mimi nami ilinibidi kujisahihisha. Niliposema mara ya kwanza kwamba nimekuja "kumsaidia" mwimbaji, nilikuwa nimekosea neno. Nilikuwa nimesikiliza kazi yake mara zisizopungua 100, nikiosha vyombo, nikisahihisha mitihani, nikiwa safarini, na sikuwa nimelipa chochote. Hilo ni deni. Sadaka huanza pale deni lilipoisha, na mtu anayemlipa fundi wake nusu ya ujira kisha akayaita hayo msaada, kwetu tunamwita kwa jina jingine. Kwa wajane mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa sabuni yao nainunua kwa bei waliyoipanga kama ninavyonunua dukani, na nikitaka kuongeza ya watoto naiongeza pembeni, katika ukurasa mwingine wa daftari, ili mwisho wa mwezi waweze kujua kama sabuni inalipa au inabebwa na huruma yangu.

Katika kutafuta njia ya kuuza nyimbo zake nilisoma habari za waimbaji Wakristo wa nje waliokataa kufungwa na kampuni kubwa. Yuko Mmarekani aliyeitwa Keith Green, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1982 akiwa na miaka 28, ambaye mwaka 1980 alitoa albamu isiyo na bei, akawaambia watu watume wanachoweza, na asiye nacho apewe bure. Yuko Josh Garrels, naye wa Marekani, aliyetoa albamu yake ya mwaka 2011 bure kwa mwaka mzima, na baadaye akatoa kazi zake bure kwa kipindi kifupi ili michango ya hiari ielekezwe kwenye kazi za misaada mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya ziwa hili tunaloliogea. Niliposoma hayo mwimbaji wetu alifurahi sana, akaona kwamba amethibitishwa. Nilimwomba atazame vizuri. Mmoja alikuwa tayari na jina na wasikilizaji kwa maelfu kabla hajaondoa bei, na mwingine aliweka kipindi, akaweka njia ya kulipia na kusema wazi fedha inakwenda wapi. Wote wawili walijua ni nani waliochukua nyimbo zao. Wake zimechukuliwa na Kigoma nzima, na hamjui hata mmoja wao.

Mtandao wa Bandcamp, ulioanza mwaka 2008, huwaruhusu waimbaji wa huko kuuza moja kwa moja na kuchukua sehemu kubwa, kwani wenye mtandao hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo. Ni mpango wa haki, ila unadai akaunti za malipo ambazo mkaanga maandazi wa Gungu hana, na unadai msikilizaji mwenye kadi ya benki. YouTube nayo niliipigia hesabu. Ili upate mgawo wa matangazo kwa video za kawaida unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wimbo wake una dakika tano. Saa 4,000 ni dakika 240,000, yaani wimbo usikilizwe mwanzo hadi mwisho mara 48,000, na hapo ndipo unapofunguliwa mlango wa kuanza kuhesabiwa senti. Yeye alikuwa na wafuatiliaji 214, mmoja wao mimi, na wengine sita ni wanafunzi wangu niliowalazimisha.

Tuliangukia kwenye kitu ambacho kila mtu wa hapa anakijua, yaani malipo ya simu. Alichukua lipa namba yake mwenyewe, tofauti na ile ya kikundi. Wimbo ni shilingi 1,000, nyimbo zote sita ni shilingi 5,000, ukilipa unatumiwa kwa WhatsApp. Karatasi inayofunga kila mche wa sabuni ina mstari mmoja unaoeleza kwamba mwimbaji fulani anapatikana kwa namba fulani, na kwa mstari huo yeye hulipwa na kikundi shilingi sifuri, na kikundi hulipwa naye shilingi 50 kwa kila wimbo uliouzwa. Nilipendekeza kiasi hicho kiwe kidogo makusudi. Alitaka kiwe nusu.

Kazi ndogo iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote ilifanywa na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwa jioni moja. Alifungua kila faili kwenye kompyuta na kuandika ndani yake, katika nafasi ambazo huwa zinaachwa wazi, jina la mwimbaji, jina la wimbo, mwaka, neno Kigoma na namba ya simu, kisha akaibadili na faili yenyewe jina kutoka tarakimu kwenda maneno. Tukarudi Mwanga kwa kijana wa kibanda. Sikwenda kumtisha kwa sheria ya mwaka 1999, ingawa nilikuwa nimeichapa kurasa zake mbili na kuziweka mkobani kwa tahadhari. Nilimwomba afute ile namba saba na kuweka hizi, na kwamba mteja akiuliza amwambie namba iko hapo. Alikubali kwa sharti la mche mmoja wa sabuni kwa mwezi. Najua mwanasheria angenikemea kwa mapatano hayo, kwa kuwa kijana bado anarudufu bila ruhusa ya maandishi. Mwimbaji mwenyewe ndiye aliyesema tumwache, kwani boti za Kibirizi hazipitii Bandcamp.

Usajili umekuwa wa polepole, na sitawachosha kwa hilo. Anajiandikisha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa ajili ya kazi zake. Wajane nao wameandikisha kikundi chao halmashauri, jambo linalowawezesha kuomba ile mikopo isiyo na riba inayotengwa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Wamesita kuomba, na mimi nimeheshimu kusita kwao. Mkopo hata bila riba ni wa kurejeshwa, na bei ya mise hupanda kila wakati wa uhaba wa chikichi.

Nimeulizwa na wenzangu wa shuleni kama ni salama kuchangia vikundi vidogo namna hii, hasa baada ya kile kilichotupata miaka mitatu iliyopita, tulipochangishana kwa ajili ya kituo kimoja cha watoto kilichotuma picha nyingi za watoto wanaolia na hakikutuma hata risiti moja. Nilijifunza mambo mawili katika hasara ile. Siku hizi picha ya mtoto anayelia hunifanya nifunge pochi, kwa sababu aliyeipiga alimwona mtoto analia akachagua kwanza kushika simu. Na huomba kuona daftari kabla ya kuona watoto. Daftari la wajane hawa lina madoa ya mafuta na makosa ya kujumlisha, mara moja walijipunja wenyewe shilingi 7,000, lakini kila shilingi ina pa kutokea na pa kwendea, na wanayemwamini kulishika ni yule asiyejua kusoma vizuri, ili kila maandishi lazima yasomwe kwa sauti mbele ya wote. Utaratibu huo sikuwafundisha mimi. Nimeupeleka darasani kwangu.

Kwa upande wangu natenga shilingi 15,000 kila mwezi. Elfu tano ni za nyimbo, na kwa kuwa za huyu nimekwisha kulipia nimeanza kutafuta wengine. Nimempata kijana mmoja wa Uvinza anayeimba na zeze, na kikundi cha akina mama wa Tabora ambacho dada yangu alinitumia baada ya kuwasikia kwenye mkesha. Tano ni za sabuni, ambayo kusema kweli ni zaidi ya mahitaji ya nyumba yangu, na jirani zangu wote sasa wanafulia mise. Tano za mwisho ndizo sadaka, na hizo siandiki zimekwenda wapi.

Desemba nilisafiri tena kwenda Kasulu kwenye arobaini ya mtu mwingine. Wakati wa kurudi basi halikuwa lile lile, konda ndiye yule yule, na alinikumbuka. Tulipopita Mwandiga ikaanza ile sauti, gitaa, ngoma ndogo. Safari hii aliniita kabla sijauliza. Kwenye kioo cha redio herufi zilikuwa zikipita kutoka kulia kwenda kushoto: jina lake lote, jina la wimbo, Kigoma, kisha tarakimu sita za mwanzo za simu, na hapo maandishi yakakatika na kuanza upya, kwa sababu redio ile haina nafasi ya kutosha. Konda alikuwa ameshika simu yake, amekwisha andika zile sita, akisubiri zipite tena. Nikamtajia nne zilizobaki.